Vichaka vya kupunguza ukoka: ona mizizi kwanza, ndipo ulipe

Kila masika yakipita, majirani na jamaa zangu hapa Dar es Salaam huniletea lalamiko lile lile. Walichoka kumwagilia na kufyeka ukoka, wakachimbua kipande chake, wakapanda vichaka vilivyonunuliwa kando ya barabara vikiwa vimechanua vizuri. Kufika Agosti vimedumaa, majani ya njano, havikui wala havifi. Wanalaumu udongo, wanalaumu samadi. Tukifukua kimoja, tunakuta mizizi imejiviringisha kwa umbo lile lile la kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche.

Ndiyo maana kwangu rangi ya maua inakuja mwisho. Mzizi ukigonga ukuta wa kiriba hugeuka, huzunguka, na mche ukikaa kitaluni muda mrefu mizizi husokotana. Hata ukiupanda kwenye udongo mzuri, mizizi iliyokwisha kuzunguka huendelea kuzunguka. Haitoki kutafuta maji, nawe unabaki kumwagilia mmea ulioununua ili upumzike kumwagilia. Baadaye mzizi mnene unaweza kulikaba shina lenyewe.

Kabla ya kulipa, chomeka kidole kwenye udongo wa juu wa kiriba, karibu na shina. Ukigusa mzizi mnene uliopinda kulizunguka, uache mche huo. Tazama na chini: kama mizizi imetoboa kiriba ikazama ardhini, muuzaji ataing'oa kwa nguvu, nao utanyauka ukifika nyumbani. Mche mrefu katika kiriba kidogo usikuvutie. Chagua mfupi, wenye matawi tangu chini.

Nafasi ya kwanza naupa mhina, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Watu wa pwani, Lamu hadi Unguja, wanaupanda majumbani tangu zamani. Unastahimili jua kali, ukame na udongo wa kichanga, maua yake madogo yananukia, na kuupogoa ndiko kuvuna: majani unakausha, unatwanga, unachekecha, hina ya mwali imepatikana. Matawi yaliyokomaa huweza kuota miiba, kwa hiyo uweke mbali na njia ya watoto, na uupe hatua mbili za nafasi kila upande. Vitalu vingi havina mhina kwa sababu hauna maua makubwa ya kumsimamisha mpita njia. Uagize, au omba tawi kwa mwenye nao; huota kwa kipande cha tawi.

Ya pili ni bogenvilia, ukiwa na mahali penye jua siku nzima. Ikishashika haitaki maji mengi. Ukizidisha, inajaa majani na kupunguza maua. Lakini mizizi yake haipendi kuguswa, huwezi kuipanguapangua ukifika nyumbani, kwa hiyo nunua changa tu. Iksora naiweka ya tatu. Hukua taratibu, aina fupi haziombi mkasi mara kwa mara, ila hupenda udongo wenye asidi. Kwenye mawe ya matumbawe, kama rasi ya Msasani, au kando ya ukuta uliomwagikiwa saruji, majani yake huwa ya njano hata mizizi ikiwa safi.

Duranta ni rahisi kununua, lakini inadai mkasi kila mara, na matunda yake ni sumu. Mnyaa unaupata bure. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Lantana usinunue kabisa: ndege husambaza mbegu zake, huvamia malisho, na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Ukimwambia, "Kaka, fungua kiriba tuone mizizi," anajibu, "Dada, nikifungua, mche utakufa." Mche wenye mizizi mizuri haufi kwa kuchungulia ubavuni! Wengine huchukua mche uliochakaa, wakauhamishia kiriba kikubwa kipya, wakajaza udongo pembeni na kupandisha bei, huku fundo la zamani likiwa ndani vilevile. Na ukishuka kwenye gari bei inakuwa nyingine kabisa, mche ule ule. Mwenye kitalu anayekubali kufungua, mimi namlipa bila kuvutana sana.

Panda masika yanapoanza, Machi, mvua ikusaidie kazi. Ondoa kiriba chote. Usiwaige wanaokitoboa tu chini na kukifukia. Mizizi ikiwa imeanza kuzunguka kidogo, isipokuwa ya bogenvilia, ichane kwa kisu kikali kutoka juu hadi chini, pande tatu au nne, kisha itandaze. Tandaza majani makavu juu ya udongo bila kugusa shina. Mvua zikikatika, mwaka huo wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi yazame chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni.