Rijksmuseum kutoka kitanda cha juu

Chumbani tuko wanne, dabo deka mbili, na mimi nalala juu. Bando la usiku likishaanza, saa sita, hukohuko juu ndiko ninakotembelea, kwa simu, Rijksmuseum, makumbusho ya sanaa ya Amsterdam, Uholanzi. Nimefanya hivyo muhula mzima sasa, na kwa kuwa wenzangu tunaosoma nao uchoraji wananiuliza kila mara kama inafaa, acha niandike.

Kuingia ni bure. Unafungua tovuti ya makumbusho yenyewe, unatafuta jina la mchoraji, unagusa picha na kuivuta. Ukijiandikisha unaweza kujiwekea mkusanyo wako na kupakua picha zenye ubora wa kuchapisha, bila kulipa hata senti. Maelezo utayasoma kwa Kiingereza au Kiholanzi.

Wengi huanza na Lindo la Usiku la Rembrandt, mchoro wa mwaka 1642 wa kundi la askari wa mgambo na maofisa wao. Makumbusho waliupiga mchoro huo picha 8,439, wakaziunganisha zikawa moja yenye pikseli bilioni 717, na mwaka 2022 wakaiweka wazi kwa kila mtu. Niliposoma hizo namba nililihurumia bando langu. Kumbe picha haiji yote kwa mkupuo, kinapakuliwa kile kipande unachokitazama tu. Vuta mpaka kwenye koti la luteni uone rangi ilivyorundikwa nene kwenye tarizi. Kisha msogelee yule binti wa gauni la manjano: kiunoni ananing'inia kuku, kichwa chini miguu juu, kama wabebwavyo kuku wa sikukuu kwetu. Ukitazama picha nzima kwenye simu unampita bila kumwona.

Lakini simu inakunyima ukubwa. Mchoro wenyewe una upana wa karibu mita 4 na nusu, na kwenye kioo cha simu lile kundi zima linakuwa sisimizi. Kama unaweza kuazima projekta ya darasani, azima. Nilijaribu pia programu moja ya kutembea vyumbani kwa kufuata mishale. Ilikwama mlangoni, nikaifuta.

Kinachonirudisha kila usiku ni mchoro mdogo wa Vermeer wa mnamo 1660, dada wa kazi akimimina maziwa. Una urefu wa sentimita 45 na ushee tu, kwa hiyo hata kwenye simu haupotezi kitu. Vuta mkate: ganda lake limejaa vitone vyeupe, na kila kitone ni mwanga. Halafu vuta ukuta ulio nyuma ya yule dada. Kuna msumari umepigwa juu, haukutundikwa kitu, na una kivuli chake. Kando yake kuna matundu ya misumari iliyong'olewa. Dirishani kioo kimoja kimepasuka. Nilikaa na ule msumari karibu nusu saa, MB 150 zikaenda, na sijutii hata moja.

Mwaka 2022 wataalamu wa makumbusho walieleza walichokikuta chini ya rangi ya mchoro huu: Vermeer alikuwa ameanza kuweka kitu cha kutundikia majagi nyuma ya kichwa cha yule mwanamke, na kikapu cha kuwekea moto karibu na sakafu. Vyote akavifunika. Ule ukuta mtupu ni uamuzi wake! Mimi nimekua nikitazama michoro ya Tingatinga, ambako kila pembe ina ndege, jani au doa la rangi, na naupenda ujazo ule mpaka leo. Ila hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha ukuta mtupu ukifanya kazi namna hii.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naibakiza kwa ajili ya siku nitakaposimama mbele ya mchoro wenyewe. Kwa mwenzangu wa hosteli: ingia usiku, punguza mwanga wa simu usiwasumbue waliolala, na chagua mchoro mmoja tu. Ukirukia ishirini, utakumbuka majina bila picha.

Wiki hii nimechora ukuta wa chumba chetu, na misumari yake saba. Anayelala kitanda cha chini ameniuliza mbona sijaweka ndoo wala khanga zinazotundikwa pale. Niliziweka, kisha nikapaka rangi juu yake.