Kozi ya "Learning How to Learn": iliyonifundisha kusoma mtandaoni badala ya kutazama tu

Nasoma uhasibu kwa njia ya mtandao, na nikiwa katikati ya masomo hayo nilijiunga pia na kozi ya "Learning How to Learn" (yaani, kujifunza namna ya kujifunza) iliyoko Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni. Nilitaka kitu kimoja tu: video ikiisha, somo libaki kichwani. Kwa hilo, kozi hii nimeipenda sana na naisifu bila kusita.

Walimu wake ni Barbara Oakley, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oakland kilichoko Michigan, na Terrence Sejnowski, mtafiti wa ubongo wa Taasisi ya Salk. Ilianza mwaka 2014 na imegawanywa katika wiki 4. Video ni fupi, lugha ni Kiingereza chepesi. Oakley mwenyewe shuleni hesabu zilimshinda. Aliingia jeshini, akasomea Kirusi, kisha akarudi kuzikabili hesabu hizo akiwa mtu mzima. Ukimsikiliza unaona anafundisha jambo alilolipitia.

Kiini cha kozi, kwangu mimi, kiko wiki ya pili, pale wanapoeleza namna akili inavyotudanganya kwamba imeelewa. Unatazama mwalimu akifanya swali, kila hatua inakuingia vizuri, unatikisa kichwa kukubali. Mwache aondoke, upewe swali lile lile ulifanye peke yako, kalamu inaganda. Dawa yao ni kukumbuka bila kuangalia: simamisha video, geuza daftari, sema au andika ulichobaki nacho. Watafiti wa saikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwahi kulipima jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma matini walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana kurudia video hiyo hiyo usiku wa kuamkia mtihani hukupa matumaini ambayo hayadumu.

Nilivyoitumia kwenye uhasibu ni hivi. Mwalimu akisema tu, "Duka limenunua bidhaa kwa mkopo," nasimamisha video kabla hajaendelea. Kwenye karatasi tupu nachora akaunti mbili na kuamua mwenyewe: nadebiti manunuzi (naandika upande wa kushoto wa akaunti), nakrediti akaunti ya mdai, yaani aliyetuuzia kwa mkopo (naandika upande wa kulia). Halafu naandika kwa nini, sentensi moja, kwa maneno yangu. Baada ya hapo ndipo naruhusu video iendelee. Video ya dakika 10 inaweza kula nusu saa kwa mtindo huu, na mwanzoni inachosha kweli. Lakini nikifika kwenye zoezi sianzi tena sifuri.

Faida nyingine sikuitarajia: maswali. Ukijilazimisha kueleza jambo, unagundua ni wapi hasa hujui. Nilikwama kwenye bidhaa zinazorudishwa kwa muuzaji: kwa nini zifunguliwe akaunti ya peke yake, badala ya kupunguzwa moja kwa moja kwenye manunuzi? Niliuliza kwenye ukumbi wa majadiliano wa kozi ya uhasibu, nikaeleza nilivyofikiri na nilipokwamia. Mwanafunzi mwenzangu akajibu kwamba mwenye biashara anahitaji kuona kiasi kinachorudishwa. Kikiwa kikubwa, huenda anauziwa mali mbovu. Hapo nikaelewa akaunti ile ina kazi gani. Swali la "sijaelewa somo la leo" lisingenipatia jibu kama hilo. Tangu hapo nami hujibu maswali ya wenzangu, maana kumweleza mtu kunanipima kuliko jaribio lolote la kuchagua herufi.

Wiki ya tatu inahusu kuahirisha kazi na kumbukumbu. Humo kuna mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, simu ikiwa mbali, kisha unapumzika. Wengi wetu tumeshaisikia. Kipya kwangu kilikuwa sababu ya mapumziko: ubongo unapoachiwa, huendelea kuunganisha mambo kwa namna ambayo haiwezekani ukiwa umeikazia macho kazi yenyewe. Siku hizi nikikwama naenda kutembea, wala sijioni mvivu.

Nina ushauri kwa atakayeichukua: usiichukue peke yake. Ukiitazama tu kama video za kuburudisha utafurahia maelezo, umalize, na usomaji wako ubaki ule ule. Isome sambamba na kozi nyingine inayokutoa jasho, iwe hesabu, lugha au kuandika programu, ili kila mbinu uijaribu siku hiyo hiyo. Aliyesomea ualimu au saikolojia atakuta mengi anayajua. Anaweza kuruka hadi kwenye mahojiano na wataalamu. Ila kwa anayeanza kusoma mtandaoni bila mwalimu wa kumsimamia, ningemwambia aianze pamoja na kozi yake ya kwanza kabisa.