Lenzi za zamani kwa kamera ya mirolesi (ya dijitali, isiyo na kioo cha kuakisi ndani): hapa Kampala anza na ipi

Watu wananiuliza sana hii kitu, kwa hivo jibu liko hapa juu: namba moja ni Super-Takumar 55mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi), namba mbili Canon FD 50mm f/1.8, namba tatu Helios 44-2. Lakini usafi wa kioo unakuja kabla ya jina, yani Helios safi chukua, Takumar yenye fangasi acha hapo hapo.

Fangasi nimeijua kwa uchungu. Lenzi yangu ya kwanza nilinunua mchana jua kali, nikaigeuza geuza, inang'aa, nikalipa. Usiku nimezima taa nikaweka tochi ya simu nyuma yake, apacha (lile tundu la kupitisha mwanga) imefunguka yote, nikaona nyuzi nyeupe nyembamba kama mizizi zinatoka pembeni kuelekea katikati. Sisi tuko karibu na ziwa, mvua ya Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, lenzi ikikaa kwa kabati miaka inaota. Kwa hivo tochi kwanza, pesa baadaye, na muuzaji akikataa uende kivulini kuangalia, ondoka. Angalia pia majani ya apacha kama yana mafuta, na zungusha ringi ya fokasi mwanzo hadi mwisho, isikwame.

Takumar naipenda kwa vile ringi yake inateleza laini kabisa, na inafungwa kwa skrubu ya aina ya M42 kwa hivo adapta ni rahisi na bei yake ndogo. M42 inataka milimita 45.46 kutoka pale lenzi inapofungwa hadi sensa, Sony E (mdomo wa kamera za mirolesi za Sony) yenyewe ina 18 tu, sasa adapta ni bomba tupu la kujaza hiyo nafasi iliyobaki, halina kioo ndani, ubora haupotei. Ile swichi ya pembeni iweke kwa M (ya mkono), bila hivo apacha inabaki wazi ata uzungushe vipi. Ukiona kioo ni cha njano usiogope sana, baadhi ya Takumar, hasa ile 50mm f/1.4 ya vioo 7, zina thoriamu (madini yenye mionzi) kwenye kioo na zinabadilika rangi, mwanga wa UV unaipunguza.

Canon FD ni nzuri pia, nyepesi, kosa la watu ni adapta: ina ringi ya kufunga, usipoizungusha apacha haikufuati.

Helios ya Urusi ndio kila mtu anataka kwa sababu ya ile mandhari ya nyuma inayozunguka kama kimbunga. Ni kweli inazunguka, ukiwa f/2 na majani nyuma ya mtu, lakini kwa kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe), tenti nyeupe na jua la saa nane linaingia mbele, picha inafifia na gomesi (ile gauni la heshima la wanawake) ya rangi kali inakuwa kama imefuliwa mara mia, banange. Kwa kazi ya kulipwa mimi siitoi nje bila kuikinga jua. Kwa picha za mtu mmoja jioni, ni tamu sana.

Minolta MD 50mm f/1.7 ukipata safi chukua tu. Zumu za zamani ziache.

Kumbuka kwa APS-C (sensa ndogo) ya Sony, Nikon ama Fuji unazidisha milimita mara 1.5, hiyo 58mm ya Helios inaona kama 87, chumba kidogo itakubana. Kwa menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi, washa rangi za kuonyesha fokasi, na kama bodi ina kizuia mtikisiko andika milimita za lenzi, kama 55 ama 58, mwenyewe, kamera haiwezi kujua. Kwa f/1.8 usiamini zile rangi peke yake, kuza picha kwenye jicho la mtu ndio ubonyeze.

Na ikifika nyumbani usiifungie kwa begi la ngozi, weka kwenye kopo la plastiki la kubana na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) ndani, na ukiwa na siku ya jua iache dirishani kidogo, kifuniko kimetolewa, isielekee jua moja kwa moja mahali kuna kitu cha kuungua.