Kupasuliwa titi katikati ya kemo: uzoefu wangu kutoka Wete

Nilipoambiwa "kemo nne, kisha upasuaji, kisha kemo nne nyengine" (kemo ni dripu za dawa za saratani), nilimtafuta mtu wa kwetu aliyepitia hayo nimuulize, nikamkosa. Ndiyo maana naandika.

Hospitali siitaji jina, ila ipo Unguja. Upasuaji wenyewe sina neno nao, nikiambiwa nitoe alama nitatoa 9 kati ya 10. Kilichonitesa ni tarehe.

Mara ya kwanza niliitwa siku ya 22 baada ya kemo ya nne. Nikatoka Wete alfajiri, gari mpaka Mkoani, boti mpaka Malindi, nikalala kwa wifi yangu Mpendae. Kuanzia saa sita usiku sikutia kitu mdomoni, kama nilivyoagizwa. Asubuhi nikatolewa damu, nikakaa kwenye benchi na njaa yangu mpaka adhuhuri. Nesi akaja na karatasi: "Damu haijapanda, bibi. Rudi wiki ijayo." Akaondoka.

Mimi nikaelewa nimepungukiwa na damu. Wiki nzima wifi ananinywesha rozela na kunilisha maini, mpaka leo harufu yake siitaki.

Kumbe walichokuwa wakikiangalia ni chembe nyeupe. Wiki iliyofuata daktari wa upasuaji alinikalisha akanieleza vizuri. Kemo haichagui, inapiga saratani na inapiga na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Chembe nyeupe hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda taratibu. Kuna ambao siku 21 zinawatosha, na kuna sisi. Ukipasuliwa zikiwa chini, vijidudu vikiingia kwenye jeraha havina wa kuvizuia. Na chembe sahani zikiwa chache, damu haigandi upesi.

Kwa hiyo kuahirisha walifanya sawa. Nilichokasirikia ni kuvushwa bahari kwa kipimo cha damu ambacho Pemba kinapimwa. Nikamuuliza daktari: siwezi kupima kwetu siku mbili kabla, nikakupigia majibu, ndiyo nikate tiketi? Akasema inawezekana, akaniandikia karatasi pale pale. Hakuna aliyekuwa amefikiria tu. Wewe uliye Pemba iombe mapema, usingoje kupewa.

Daktari wa usingizi naye aliniuliza nimepata dripu ngapi za ile dawa nyekundu (ile inayogeuza mkojo rangi), kwa sababu inaweza kugusa moyo. Akataka kuona kipimo changu cha moyo. Kipo wapi? Kabatini Wete. Mwanangu akakipiga picha akakituma kwa WhatsApp, tukanusurika. Karatasi zako zote tembea nazo.

Thieta penyewe nakumbuka baridi, na Ayatul Kursiyyu ambayo sikuifikisha mwisho.

Sasa chupa. Hakuna aliyeniambia kwamba nitarudi nyumbani na mrija unaotoka ubavuni, chini ya kwapa, unaoingia kwenye chupa ya plastiki. Siku za mwanzo yanatoka maji mekundu, halafu yanapauka yakawa ya manjano. Kila asubuhi nilikuwa namimina kwenye kikombe chenye alama, naandika kwenye daftari la skuli la mjukuu wangu: 110, 90, 85, 60. Nilielezwa yakiteremka chini ya mililita 30 siku mbili mfululizo, mrija unatolewa. Wangu ulikaa siku 13. Wifi alinishonea mfuko kwa kanga kuukuu wenye mkanda mrefu, nikauvaa shingoni ndani ya buibui. Nilipanda nao daladala na hakuna aliyejua, ingawa kila tuta dereva alilolirukia mimi nililijua.

Jeraha lilichelewa. Pembe moja, upande wa kwapa, ilibaki na majimaji mpaka wiki ya nne. Mama akaja na asali na habbasoda, nikamwomba tumuulize daktari kwanza. Daktari akasema la. Mama akanuna siku mbili, asali tukaimalizia kwenye chai. Kipimajoto nilikuwa nacho kando ya mto wa kulalia. Amri niliyopewa ni joto likifika 38 niende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kemo ya tano hawakunipa mpaka jeraha lilipofunga kabisa, ikawa wiki ya sita. Sindano sasa nachomwa mkono wa kulia tu, maana kushoto ndiko walikotoa tezi za kwapa na mkono usije ukavimba. Hilo nalisema mwenyewe kila ninapokaa kitini, manesi hubadilishana zamu.

Mfuko wa kanga nimeufua, upo Mpendae. Aliye Unguja akiuhitaji aniandikie.