Baiskeli poa, duka takataka: uzoefu wangu na ex-UK yangu ya kwanza

Wacha nianze na duka ndio hasira itoke. Duka la baiskeli ambalo mtu wa kufunga pedali hajui ya kushoto inafungwa kinyume, hilo si duka, hiyo ni hatari kwa maisha ya watu. Jina sitataja. Lakini wewe ukienda kununua ex-UK, yaani baiskeli ya mtumba kutoka Uingereza, popote hapa Nairobi, usitoke mlangoni kabla hujaishika pedali ya kushoto kwa mkono wako na kuitikisa.

Baiskeli yenyewe naipenda. Hiyo ndio inaniuma zaidi.

Mimi nakaa Njiru na kazi iko Industrial Area. Anayejua Njiru anajua: kutoka kwa nyumba hadi lami ni udongo mweusi, ule wakati wa jua unapasuka nyufa za kumeza gurudumu na mvua ikinyesha unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma. Halafu unaingia Kangundo Road, lami yenye matatu hazina huruma na mtu, halafu Outer Ring ambayo walau ina njia ya baiskeli, hata kama unapata boda wameipaki na mama ametandaza nyanya zake hapo katikati. Na wikendi nilikuwa nataka kuingia msitu wa Karura, murram na mizizi. Yaani nilitaka baiskeli moja ya kufanya yote hayo, mfukoni nina 15,000, na tangu niwe mtu mzima sikuwa nimemiliki baiskeli.

Ushauri ulikuja wa kila aina. Mjomba wangu akasema chukua Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma, utazeeka nayo. Ni kweli hiyo kitu ni ngumu, imebeba maziwa na kuni na abiria hii nchi miaka na mikaka, lakini ile ya kawaida gia ni moja na mimi nakaa ghorofa ya tatu, nani ataibeba hizo ngazi kila jioni? Wenzangu wa kazi wakasema achana na mitumba, ingia supermarket uchukue mpya inang'aa, ile ya sokabsoba, springi za kumeza mashimo, mbele na nyuma. Nilienda nikaipanda pale pale kwa paking. Ukikanyaga, nguvu yako yote inaishia kwa ile springi ya nyuma, inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, na wewe huendi popote. Kwa bei ile sokabsoba ni uzito tu umebandikwa, heri foku ngumu, ile uma ya mbele isiyo na springi, na tairi nono ukaipunguza upepo kidogo, mashimo utayasikia lakini mikono haitakufa.

Ndio nikaenda kwa hilo duka la ex-UK. Na hapo hapo mwanzoni ningejua tu hawa ni watu wa aina gani, kwa sababu kijana alinisukumia haibridi moja, nusu ya lami nusu mountain bike, ya rimu za 700 akaniambia, "Siste, hii tairi yake ni 28, hata kijijini inapatikana." Uongo! Zote zinaitwa inchi 28 lakini rimu ya Mamba ya kawaida, kipenyo chake pale tairi inapokaa, ni milimita 635 na ya hiyo haibridi ni 622, tairi ya moja haikai kwa nyingine hata uivute na meno. Nilikuwa nimeshaulizia mafundi wa Kayole na Umoja kabla sijatoka nyumbani, wote wakaniambia kitu kimoja, chukua ya inchi 26 ya mountain bike, tyubu yake utaipata hata kwa kibanda cha kuuza sigara. Nikamwambia kijana nataka 26, foku ngumu mbele, gia zifanye kazi zote, na kidole changu kipite kati ya tairi na fremu.

Hicho kidole wacha nikieleze kwa sababu watu wengi hawaangalii. Udongo wetu mweusi ukishika tairi hautoki, unazunguka nao mpaka ufike kwa breki na pale tairi inapopita kwa fremu, na kama nafasi ni ndogo unajazana, gurudumu linasimama kabisa, unaanza kubeba baiskeli badala ya ikubebe. Tairi pana ni nzuri lakini pana bila nafasi pembeni ni shida tupu. Yangu ina upana wa inchi 1.95, katikati imelainika kidogo kwa hivyo kwa lami inakimbia vizuri, pembeni ina meno ya kushika murram, na udongo unapata mahali pa kupita. Mvua kubwa bado natembea na kijiti cha kukwangua, siwadanganyi, lakini inaenda.

Nikalipa 14,500. Kijana akafunga pedali mpya hapo mbele yangu kwa sababu za zamani zilikuwa zimepasuka. Nakumbuka vizuri ile ya kushoto ilimsumbua, akaitafuta spana ndefu, akaiegemea na mwili wote mpaka ikaingia ikilia krrr. Nikamuuliza, "Iko sawa hiyo?" Akanijibu, "Siste, ni mpya, lazima ikaze."

Wiki za kwanza zilikuwa raha tupu. Asubuhi nawapita watu wa Kangundo Road wamekaa ndani ya matatu wakiangalia simu, nafika kazini nimechangamka, nauli yote inabaki kwangu. Karura niliingia Jumamosi moja nikatoka na vumbi jekundu mpaka kwa nyusi na nilikuwa nacheka peke yangu. Ile baiskeli inapanda! Gia ndogo ya mbele ukiitia unapanda kilima umekaa tu. Ningeandika siku ile mngesoma sifa tupu.

Halafu ikaanza kupiga kelele. Tik, kila mguu wa kushoto ukishuka. Tik. Nikapitia dukani, kijana hata hakuinama, akasema ni cheni inataka mafuta, akamwaga mafuta, akaniambia niende.

Siku si nyingi baadaye niko Outer Ring natoka kazini, karibu na Donholm, nimesimama kwa pedali nikiongeza mwendo, na mguu wa kushoto ukaenda chini na pedali yake. Pedali ilichomoka kabisa. Nilianguka kwa nyonga na kiwiko, na namshukuru Mungu kila siku kwamba nilikuwa kwa ile njia ya baiskeli na si kwa barabara, kwa sababu lori ilipita hapo wakati huo huo na ningeangukia upande ule mwingine hamngekuwa mnasoma hii. Mama mmoja wa kuuza mahindi ndiye alikuja kuniinua. Aliniambia, "Pole mwanangu, kaa kwanza, usikimbilie baiskeli." Nikakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka hata chupa ya maji sikuweza kufungua.

Kesho yake nikaikokota hadi dukani. Na hapa ndipo nataka kila mtu asikie. Mwenye duka mwenyewe alikuwepo, mzee wa heshima hivi ukimwangalia. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza, nikamwonyesha kiwiko. Akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi kutoka juu mpaka chini, akasema kwa sauti wateja wote wasikie, "Madam, na wewe pia mwili huo, hizi vitu zina kipimo." Vijana wake wakacheka. Nikamwambia hii baiskeli imetengenezwa ibebe mwanaume na mzigo ashuke nao mlima, pedali inawezaje kuchomoka na mimi kwa lami. Akasema ex-UK haina garanti, niliipanda vibaya, na kama nataka krenki nyingine, ule mkono unaoshika pedali, ni 3,500. Halafu akageuka akaanza kuongea na mteja mwingine kama sipo. Nimefanya kazi na watu miaka mingi, nimetukanwa na makanga, lakini hiyo ya mwili wangu, mbele ya watu, na damu bado iko kwa kiwiko, sijaisahau na sitaisahau.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee Umoja, anakaa chini ya mwavuli na sanduku lake la spana. Hakuniuliza kilo zangu. Aliichukua pedali, akaangalia mwisho wa ekseli yake, akanionyesha herufi ndogo L imechongwa hapo. Halafu akaingiza kidole kwa tundu la krenki, akakitoa, akakinyoosha mbele yangu: kidole kimejaa unga wa fedha, unang'aa. "Hii ni aluminiamu ya krenki yako," akasema. "Pedali ni chuma, krenki ni laini. Huyu alikuwa anaizungusha upande wa kulia kama nati ya kawaida, ikakataa, akalazimisha. Ya kushoto hukazwa kwa kurudisha nyuma, ndio ukikanyaga isijifungue. Alikula uzi wote wa tundu, yale meno ya kushika pedali, siku ile ile ya kwanza, wewe umekuwa ukitembea na vipande."

Siku ile ile ya kwanza! Maana yake hata ningekuwa na kilo thelathini ilikuwa ichomoke tu. Nilisikia kulia pale, si kwa uchungu, kwa hasira.

Mzee akapekua debe lake akapata krenki ya kushoto inayolingana, urefu sawa na ya kulia, akapaka grisi kwa uzi wa pedali, akaianza kwa vidole viwili bila spana, polepole, ikaingia yenyewe kimya. Spana ilikuja mwisho kabisa, kukaza kidogo. Krenki 900, pedali jozi 400, kazi 200. Jumla 1,500. Mtu wa duka alitaka 3,500 ya krenki peke yake, pamoja na matusi.

Sasa nasema nini? Mtu akiniuliza kama ex-UK ya 26 isiyo na sokabsoba inafaa Nairobi, kwa mtu anayeanza na anapita udongo, lami na msitu, jibu ni ndio, kwa hiyo pesa sijaona ya kuishinda. Hiyo ni nyota tano. Ningeweza hata kusema duka pia lilinipa baiskeli nzuri kwa bei nzuri, na breki walizifunga sawa, hiyo ni haki yao, nyota mbili basi. Lakini nikikumbuka lile lori... hapana. Hapana kabisa. Mtu ambaye ameambiwa mteja ameanguka barabarani na kitu cha kwanza anaangalia ni mwili wa mteja, huyo hata nyota moja simpi, na hizo mbili nimezirudisha. Bado anauza, bado kijana yule yule anafunga pedali, na nimeshawaambia wenzangu wote wa kazi wasikanyage pale hata kama bei ni nusu.

Na kama mwenye duka anasoma hii, amejijua. Risiti ya mzee wa Umoja ninayo, imeandikwa kwa mkono. Nataka 1,500 yangu, na nataka uniombe msamaha kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile, wateja wakiwa ndani.