Fundi wa tenki la Beetle pale Ilala: harufu ya petroli imeisha kabisa, ila uwe na subira

Niseme mapema tu, nampa nyota nne, na tano angezipata kama si mambo mawili nitakayoyataja huko chini. Ni fundi mmoja wa Ilala, jina siweki humu maana sijamuomba ruhusa, ila wenye Volkswagen za zamani hapa Dar wengi mtakuwa mmeshamjua, yule mzee asiyepokea gari yoyote yenye rejeta (Beetle inapozwa na hewa, haina). Nilimpelekea Beetle yangu ya 1972, 1300 ya kawaida sio Super, kazi ilikuwa kutoa tenki la mafuta, kulisafisha kutu, kulirudisha na kulizibia inavyotakiwa.

Kwa asiyeijua hii gari, injini iko nyuma halafu tenki liko mbele chini ya boneti, lita 40, yaani petroli yote iko mbele ya magoti yako na hakuna cha maana kinachokutenga nayo zaidi ya bati na lile kadibodi la nyuma ya dashibodi. Sasa sisi wenye Beetle tumezoeshwa kuambiwa ukipanda ukasikia harufu ya petroli basi usijali, gari za zamani ndivyo zilivyo. Jamani sio kweli. Ikinuka ujue kuna mahali inatoka, na ikitoka ndani inaingia kwenye mapafu yako na ya watoto siti ya nyuma, acha hiyo hela inayoyeyuka wakati kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA watuambie lita imefika ngapi.

Kwangu shida ilianzia gereji nyingine, siitaji, waliwahi kutoa tenki wakaziba kitundu wakalirudisha. Mzee alipofungua boneti akatoa tairi la spea na kadibodi, akaangalia kidogo akacheka. Kuzunguka ukingo wote wa tenki walikuwa wamepaka silikoni ile ya kuzibia masinki ya bafuni, na palipobaki mwanya wamesokomeza sponji la godoro. Silikoni ikikutana na petroli inalainika inakuwa kama uji, ukiigusa inavutika na kidole, na lile sponji ndio balaa kabisa maana linanyonya petroli linakaa nayo, yaani nilikuwa natembea na tambi ya koroboi chini ya boneti. Akalichomoa kipande akanipa ninuse. "Bosi, tenki lako zima, ila limekalishwa vibaya."

Akanieleza na mimi nawaeleza, maana hiki ndicho wengi hatukijui. Tenki la Beetle haliwekwi bati juu ya bati. Lina ukingo kuzunguka pande zote, ukingo unakalia mdomo wa tundu kubwa kwenye bodi, na katikati yao lazima pawe na mkanda wa kuzibia, halafu linabanwa na bolti nne zenye vibati vyake. Ule mkanda ndio unaozuia maji na vumbi la barabarani lisipande kwenye buti, yaani hapo hapo mbele chini ya boneti, ndio unaozuia bati lisisage bati mpaka litoboke, na ndio unaokata zile kelele za kukwaruza ukipita kwenye matuta. Hizi gari zilishinda Safari Rally, ya mwisho ilikuwa 1962, kwenye vumbi na matope ya enzi hizo, sidhani kama walikuwa na sponji la godoro.

Kazi yenyewe alivyoifanya. Kwanza alitoa waya wa betri, hapo nikaanza kumuamini, maana hapo ndipo mafundi wengi wanaporuka. Akaingia chini akabana mpira wa mafuta, akakinga petroli, akachomoa waya wa geji ya mafuta, mpira wa mdomo wa kujazia na vile vimpira vya kupumulia, bolti nne, tenki likanyanyuka. Ndani lilikuwa na kutu na matope mekundu chini. Alilisafisha kwa dawa ya kutoa mafuta, akatia mnyororo mwembamba na maji akawa anaviringisha vijana wakipokezana, kisha dawa ya kutu, kisha akalianika mpaka likakauka kabisa. Kile kitundu cha zamani kilikuwa kimezibwa na gundi ya chuma, akasema kinahitaji kuchomelewa, na hapa nimsifu kwa sauti: alikataa kulichomelea vilevile. Alilijaza maji karibu lote akabakiza sehemu ya kufanyia kazi tu, maana tenki tupu lina mvuke na mvuke ndio unaolipuka, sio petroli yenyewe unayoiona. Tumesikia wangapi wamepoteza macho na mikono kwa kuchomelea tenki waliloambiwa ni tupu.

Mkanda sasa. Alikuwa nao wa roll, mweusi, wa povu lisilonyonya, una gundi upande mmoja. Hakuubandika kwenye tenki, aliubandika kwenye bodi, na kwenye kona hakuuvuta ukakunjika, aliukata kwa wembe vipande vikakutana bila mwanya. Aliposhusha tenki alikaza bolti kwa mshazari, hii kidogo, ile ya pili kidogo, anazunguka tena, maana ukiikaza moja mpaka mwisho ukingo unapinda na mkanda unaminyika upande mmoja huku upande wa pili panabaki wazi. Kijana wake alitaka kuongeza nguvu kwenye spana akamzuia, "Inatosha, hiyo sio hedi ya Scania."

Halafu kikatokea kitu kilichonifurahisha. Tenki limepakwa rangi mpya, limekalia povu, na vibati vya kubania navyo vimepakwa rangi, geji ikawa imelala kwenye E hata tulipotia mafuta. Fundi mwingine hapo anakuuzia geji mpya au ile mashine ya ndani ya tenki inayopima mafuta. Yeye alichukua kipande cha waya akagusisha kichwa cha ile mashine na bodi, sindano ikapanda yenyewe taratibu. Kumbe tenki likishazibwa vizuri pande zote linakosa ethi, yaani mguso na bodi wa kurudishia umeme. Akafunga waya wa ethi wa kudumu kwenye skrubu, akakwangua rangi kidogo mahali pa kugusia, basi. Sikulipia hata mia kwa hilo. Kama Beetle yako ni ya kuanzia 1968, yenye geji ya umeme, na geji ilikufa baada ya tenki kupigwa rangi, anzia hapo kabla hujanunua chochote.

Mipira ya mafuta yote alibadilisha, na hii nilikuwa siijaomba ila alinionyesha kwanini. Ile ya zamani ya kitambaa kwa nje unaiona nzima, ukiikunja inapasuka kama kuni kavu. Aliweka ya milimita 5 na klipsi kila mwisho, na akahamisha kile kifilta cha plastiki ambacho gereji ile walikuwa wamekining'iniza kwenye injini karibu na distributa. Hapo palipo na cheche na joto, kifilta kikichomoka kinamwaga petroli juu ya injini na ndivyo Beetle nyingi zinavyoungua. Akakiweka chini ya tenki, mbele kabisa. Na kule nyuma bomba la chuma linapopita kwenye bati la injini raba yake ilikuwa haipo, akaweka raba na akavalisha bomba soksi ya kuzuia joto. Hilo la soksi nilidhani mbwembwe, ila foleni za Ubungo za saa nane mchana zilikuwa zinanizimia gari, mafuta yanachemka kwenye bomba pampu inavuta hewa, tangu hapo haijanizimia. Sisemi ni soksi peke yake, na plagi na poini alizigusa pia, ila tofauti ipo.

Kabla ya kunikabidhi hakujaza tenki. Alitia lita kama tano, akatandika magazeti makavu chini ya gari, akaacha usiku kucha. Asubuhi magazeti makavu. Ndipo akaniambia nikajaze full nipande nayo mlima nikate kona kali, kisha nirudi aingize pua kwenye buti. Nilikwenda, nikarudi, akanusa, akafunga boneti. Mke wangu ambaye alikuwa amegoma kupanda hii gari sasa anapanda na vioo vimefungwa, ila analalamikia siti.

Bei: ufundi laki na themanini, mkanda na mipira na klipsi juu yangu, ilikuja kama laki na ushee nyingine. Sio rahisi. Ila ukilinganisha na tenki jipya la kuagiza nje, usafiri na ushuru, mimi naona ni haki.

Sasa zile nyota. La kwanza muda. Aliniambia siku tatu, ikaenda zaidi ya wiki, na simu hapokei, meseji anasoma hajibu, mpaka uende mwenyewe ukamkute anakunywa kahawa na gari yako imekaa bila tenki. Kazi hailipui, hilo nakubali, lakini basi aseme wiki mbili tangu mwanzo mtu ajipange na daladala. La pili ni kubwa zaidi: petroli iliyotoka kwenye tenki aliiweka kwenye beseni wazi, na ukuta wa pili jirani anachomelea mageti, cheche zinaruka zinaonekana kabisa. Mtu anayejaza tenki maji kabla ya kuchomelea anawezaje kuacha beseni la petroli hivyo? Nilimwambia, akafunika na kipande cha plaiwudi. Ukienda nenda na dumu lako lenye mfuniko, toa mafuta mwenyewe au simamia yakitolewa, usione aibu.

Kidogo tu na gundi ilichafua rangi pembeni ya boneti, ilitoka na mafuta ya taa.

Kwa wenye Super Beetle, 1302 na 1303, mwambieni kabla hamjapeleka gari, tenki lao sio hili na mkanda wake anaupima upya, kuna jamaa alimkuta na roll imebaki fupi akaambiwa arudi mwezi ujao. Na mpelekeeni gari likiwa na mafuta robo, sio full.