Mbegu za ua la Usambara: nilichouziwa na nilichojibiwa

Nimezaliwa Amani, wilayani Muheza, ambako ua la Usambara hujiotea lenyewe kwenye miamba yenye kivuli, na ndiyo maana niliona uchungu kununua mbegu zake hapa Dar es Salaam. Hata hivyo nilinunua pakiti mbili mtandaoni, moja ya maua meupe na nyingine ya zambarau, kwa sababu sitaki kung'oa miche msituni.

Pakiti ya maua meupe ndiyo inayonikera hadi leo. Mbegu zake zilikuwa nyeusi za kung'aa, unaweza kuzihesabu kiganjani, ilhali mbegu za ua hili ni kama vumbi, ukipumua karibu nazo zinapeperuka. Nilizipanda nikiwa na shaka, na siku chache baadaye ukaota mchicha. Nilimpelekea muuzaji picha, nikaandika kwa adabu zote, naye akanijibu, "Mama, mbegu zangu hazina kosa, wewe huna mkono wa kupanda," kisha akanizuia nisimwandikie tena. Kuuziwa mchicha ningeweza kuvumilia, lakini kuambiwa sijui kupanda, mimi niliyelelewa shambani, hilo limenichoma.

Nilikuwa nimekusudia kuwaonya watu wote wasinunue kwake, ila nitakuwa mwongo nisipoitaja pakiti ya pili, kwa maana ilikuwa ya kweli kabisa. Niliigonga karatasi taratibu, lile vumbi likaanguka juu ya mboji laini yenye unyevu, sikulifukia kwa kuwa mbegu hizi huhitaji mwanga ili ziote, nikafunika chombo kwa kipande cha kioo. Katika wiki ya tatu hivi yalitokeza majani madogo kama kichwa cha pini. Baada ya miezi kama tisa, mche mmoja umechanua dirishani: maua matano ya zambarau, kila moja na vitone viwili vya manjano katikati, na majani yenye vinyweleo laini kama yale ya kwetu Amani. Machozi yalinilengalenga.

Basi mbegu za zambarau nazisifu, na yeye simsifu, na pengine ningemrudia kama angeniomba radhi. Kwa sasa nimeyachavusha maua mawili kwa mkono, nasubiri vitumba vya mbegu vikauke nipate mbegu zangu mwenyewe.